Bwana Uhusiano na Nusu ya Maneno ya Mama

Jumapili, Aprili. Alfajiri kulikuwa na manyunyu, kisha jua likatoka ghafla na ukali wake wote, udongo ukaanza kutoa mvuke kama sufuria.

Leo nilikwenda Korogwe, nimekutana na Bwana Uhusiano. Tulichozungumza nitakiandika mwisho, maana nikianza nacho nitakuwa nimemhukumu mtu kabla sijamweleza. Mimi shule yangu iliishia darasa la nne, naweza kukosea. Mama yangu ananiambia kila mara kwamba napima mno, ati hata nikimkuta panya ghalani nitamwuliza kwanza kama ana watoto. Labda ni kweli. Lakini mtu niliyemwendesha kwa gari miaka mingi siwezi kumwandika kwa hasira ya siku moja.

Jina lake silitaji. Wote walimwita Bwana Uhusiano, na nadhani hata mkewe alizoea.

Aliponikuta nilikuwa utingo wa lori la shamba la mkonge karibu na Korogwe, uhuru ukiwa bado mbichi. Yeye alikuwa ameajiriwa na wenye shamba kwa kazi ambayo sisi hatukuielewa. Hakukata mkonge, hakupima mizigo, hakuandika mishahara. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha ofisi na watu wanaelewana. Ndivyo alivyoieleza mwenyewe, na mimi naiandika hivyo hivyo. Yeye ndiye aliyenifanya dereva, na alipohamia serikalini kule Handeni aliomba nimfuate. Hilo ni jema alilonitendea, silifichi.

Walikuwa wamempeleka masomoni. Wengine wakirudi masomoni walikuja na saa au masanduku. Yeye alirudi na mchoro. Mchoro wenyewe ni sanduku. Mshale mmoja unaingia kushoto, mwingine unatoka kulia, na wa tatu unaanzia kulia, unazunguka kwa chini na kurudi kushoto. Basi, hakuna kingine. Aliuchora kila mahali: kwenye vumbi la boneti kwa kidole, mchangani kwa ncha ya kiatu, mezani kwa chai iliyomwagika. Siku moja alinisimamisha kando ya korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge, ambayo maji yake yananuka kama kitu kilichofia shimoni.

“Hili shamba ni nini?” akaniuliza.

“Shamba la mkonge, bwana.”

“Hapana. Ni mfumo. Kinaingia nini?”

“Majani. Na watu asubuhi.”

“Kinatoka nini?”

“Nyuzi. Na haya maji machafu.”

“Yanakwenda wapi?”

“Mtoni.”

“Na mtoni anachota nani?”

“Wake zetu, bwana.”

“Sasa umeelewa. Hakuna nje! Unachokitupa mlango wa mbele kitarudi kwa mlango wa nyuma. Na huu mshale wa chini ndio roho ya kazi yangu. Unaitwa marejesho. Ofisi inayosema tu bila kusikia ni kama mtu anayetema mate siku nzima na hanywi maji. Itakauka.”

Mpaka leo naona maneno yale yalikuwa ya kweli. Sijapata kusikia mtu akiieleza dunia kwa maneno machache namna ile, na ndiyo maana jambo hili linanisumbua. Angekuwa mjinga ningemsahau.

Naandika pia habari ya unga. Wafanyakazi wa shamba walipewa posho ya unga wenye fukusi, wakagoma kuingia kazini. Mabwana wakataka kuita polisi. Bwana Uhusiano akaketi chini pamoja na wagomaji, suruali yake nyeupe juu ya udongo mwekundu, akawasikiliza mpaka wakaishiwa maneno. Kisha akachukua unga ule ule, akampa mpishi wa meneja, akasema pika ugali. Meneja aliwekewa mezani mchana, fukusi wakionekana kama punje za pilipili. Bwana Uhusiano alisimama kando ya meza. Unga ulibadilishwa. Siku hiyo mshale wa chini ulifika ofisini kweli kweli, na mimi nilijisikia fahari kumfungulia mlango wa gari.

Lini mshale ule uligeuzwa, sijui. Pengine haukugeuzwa, pengine mimi ndiye niliyechelewa kuona unaelekea wapi.

Mwili wake ulinichukiza mapema, lakini hilo haliwezi kuwa kosa lake. Alikuwa akichokonoa masikio kwa njiti ya kiberiti, anaitazama, anainusa, kisha anairudisha ndani ya kiberiti. Baadaye mtu akiomba moto, anampa kiberiti kile kile kwa tabasamu. Alipaka mafuta ya nywele yenye harufu ya ua lililooza, na kiti cha gari kilinuka hivyo hata siku asizopanda. Akikupa mkono alikushika kwa mikono yote miwili, laini, yenye unyevu, na hakukuachia mpaka ameridhika. Nimewaona wajane wakimpa mkono halafu wanajifuta kwenye kanga taratibu, asione.

Hata hivyo hakuwa mlaji rushwa. Hakupata kunifokea. Mtoto wangu alipougua surua alinirudisha nyumbani na gari, akaenda mwenyewe mkutanoni kwa baiskeli ya kuazima. Mimi nikimsema bila kusema hilo nitakuwa mwongo.

Alikuwa na misemo yake. “Watu hawana hasira, wana taarifa pungufu.” Huo aliupenda kuliko yote. Mwingine: “Mtu akikulalamikia mshukuru, amekuonyesha pa kupitia.” Wa kwanza ulinifurahisha wakati ule. Wa pili nilidhani maana yake ni pa kupitia ili kumsaidia.

Palikuwa na mama mmoja Mombo aliyeuza mayai ya kuchemsha pale mabasi yanaposimama. Tulikuwa tunatoka Lushoto, njaa imetubana. Bwana Uhusiano akamenya yai, likatoa harufu mpaka abiria wa basi la jirani wakafunga madirisha. Nilidhani atalitupa na kugomba. Akachutama mbele ya yule mama.

“Mama, wengine wanalalamika?”

“Wanalalamika, baba, nitafanyaje? Kuku ni wa jirani, mayai analeta yeye.”

“Wanalalamika kabla ya kula au baada?”

“Wakishamenya.”

“Basi kosa lako ni moja. Unawapa chumvi mwishoni. Wape chumvi na pilipili kwanza, mkononi, wakiwa bado wanaongea na wewe. Na wamenyee wewe mwenyewe, mbali na pua zao, huku unawauliza safari.”

Yule mama akacheka mpaka akashika kiuno. “We baba wewe! Utaniuzia hata mawe!” Mimi pia nilicheka. Tuliondoka, na karibu na Segera akanisimamisha ghafla, akashuka, akatapika kwenye nyasi. Akapanda, akajifuta mdomo, akasema, “Umeona? Mama yule hakuhitaji mayai mapya.” Nilicheka tena. Sasa nikilikumbuka yai lile sicheki.

Azimio la ujamaa lilipotoka na vijiji vipya vikaanza kupangwa, Bwana Uhusiano alikuwa mtu wa serikali Handeni, na mimi dereva wake, Landrova yenye kipaza sauti juu. Si yeye aliyeamua watu wahame. Hilo lilitoka juu, na waliolileta wengi waliamini kwa moyo safi kwamba watu wakikaa pamoja watapata shule na zahanati. Shule tumeipata, wanangu wanasoma humo. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Kitongoji chetu, upande wa Sindeni, kilikuwa kando ya kijito. Kijiji kipya kilipangwa bondeni mbali na hapo, mahali tambarare panapofikika na gari, penye kisima kimoja kilichochimbwa. Maji yake ni ya chumvi chungu. Ukitia maziwa kwenye chai yake, yanakatika vipande vipande. Sabuni haitoi povu, inageuka kuwa uji unaogandia nguo. Wazee walipajua, ndiyo maana hapakuwahi kukaa mtu.

Mkutano ulifanyika hapo hapo kisimani. Bwana Uhusiano alikataa meza na kiti, akaketi chini, akasema hakuja kusema, amekuja kusikia. Wazee wakapenda. Wakazunguka zunguka maneno kama kawaida, mpaka akasimama mama yangu. Ni mjane, hana cheo, lakini watu humsikiliza kwa sababu hasemi mara nyingi.

“Baba, sisi hatukatai kuhama,” alisema. “Tunayakataa maji haya. Tupangieni kijiji upande wa kijito, hata kesho mtatukuta tumeshajitwisha mizigo.”

Bwana Uhusiano akainuka. Akamtazama, akasema polepole, watu wote wasikie: “Mama anasema, hawakatai kuhama. Wanayakataa maji haya. Wapangiwe upande wa kijito, na kesho watajitwisha mizigo. Nimekusikia vizuri, mama?”

“Umenisikia, baba.”

Wazee wakaguna kwa pamoja, ule mguno wa kufunga jambo.

Hapa lazima nieleze, maana mtu wa mbali hataelewa. Kwa wazee wa upande wetu, neno la barazani halirudiwi ovyo. Mtu mzima akilirudia neno lako mbele ya watu, likiwa zima, basi amelipokea, limekuwa mzigo wake. Hataondoka nalo akalitupa. Na wewe uliyelisema hutakiwi kulisema tena. Ukilisema tena umemwambia mwenzako mbele ya watu kwamba ni mwizi. Unanyamaza, unangoja.

Kisha mtu mmoja akamletea kikombe cha maji ya kisima, aonje mwenyewe. Akakinywa chote. Hakukunja hata uso. Akasema, “Ahsanteni, nimejua mnachokisema.” Watu wakapiga makofi. Nilipokwenda nyuma ya Landrova nilimkuta ameinama, kidole kooni, anayatoa. Akanionyesha kwa mkono dumu letu la maji ya Korogwe, nikammiminia, akasukutua mara kadhaa, akatema chini ya kichaka, akarudi kwa watu akitabasamu.

Usiku ule nililala kwa mama, nikamweleza nilichokiona.

“Ameyatapika, mama.”

“Hata mimi ningeyatapika. Si ndiyo maana tumemwambia?”

“Sema tena. Nenda Handeni, nitakupeleka.”

“Nikaseme nini? Amelirudia neno langu, wewe ulikuwepo. Unataka niende nikamwite mwizi?” Akacheka kidogo. “Wewe gari limekuharibu. Unamwona kila mtu kwa nyuma.”

Kitongoji kizima kilinyamaza namna hiyo. Hakuna aliyepeleka malalamiko, hakuna aliyekwenda kwa wakubwa. Wote walikuwa wanangoja, kwa adabu.

Tuliporudi tulirudi na kipaza sauti. Nilikuwa kwenye usukani, sauti yake ikipita juu ya kichwa changu. Alisema maji ya kisima yana madini yanayotia nguvu mifupa. Alisema chai ya rangi ni bora kuliko ya maziwa. Kila walichokilalamikia alikuwa amekishonea kiraka chake. Kisha akasema, na maneno haya siwezi kuyakosea: “Kama alivyosema mama yenu mwenyewe, mbele yenu wote: sisi hatukatai kuhama!” Akamtaja kwa jina. Akaishia hapo. Nusu ya pili hakuisema, siku ile wala siku nyingine. Alisema nusu ile ile kijiji hadi kijiji, mpaka watu wasiomjua mama wakawa wanamjua.

Malori yalipokuja watu walipanda. Nani angebisha, na mama keshasema?

Nataka kuwa mwangalifu. Huenda aliandika ripoti juu ya maji. Nilimpeleka mjini na bahasha zake, sikuona ndani. Huenda alisema na wakubwa wakakataa. Huenda pia hakujua desturi yetu ya kurudia neno, maana si mtu wa huku. Haya yote nimempa, mwaka baada ya mwaka, kama mtu anayemwekea mgeni chakula.

Mama hakupewa kitu. Walimwita Mama Hatukatai. Ilianza kwa mzaha kisimani: “Haya, Mama Hatukatai, tangulia uchote, si kisima chako!” Kisha mzaha ukaisha, jina likabaki. Mtoto akiharisha, jirani anasimama mlangoni kwetu: “Mwambie mama yako atuletee na dawa, basi.” Kila mtu alikuwepo, kila mtu aliisikia nusu ya pili kwa masikio yake, lakini miaka ya kipaza sauti imeifuta. Wapo wanaoapa kwamba hakuisema. Juzi mjukuu wake mwenyewe alimwuliza, “Bibi, kwa nini ulikubali?” Mama aliacha kula. Usiku akaniita.

“Nenda kamtafute yule bwana. Simdai kisima. Aje asimame mara moja tu, aseme maneno yangu yote. Nisife nimebaki na nusu.”

Ndiyo nikaenda leo.

Amestaafu. Ana nyumba nzuri Korogwe, si mbali na stesheni, ina migomba nyuma. Nilimkuta barazani, miguu ndani ya karai la maji ya moto, anakata kucha za miguu kwa wembe. Vipande vilikuwa vinaelea.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba! Dereva wangu!” Akanishika kwa mikono yote miwili, ikiwa bado imelowa. “Mama mzima?”

“Mzima. Amezeeka.”

“Na watu wa kule, wanasemaje siku hizi?”

Mkewe akaniletea chai ya maziwa. Ilikuwa nyororo, haikukatika. Nikaiweka chini, nikamweleza ombi la mama kama alivyonituma, bila kuongeza wala kupunguza. Akaweka wembe kando. Akanitazama kwa ule utulivu wake.

“Mama anaomba nije nisimame mbele ya watu, niseme maneno yake yote, la kuhama na la maji, ili asife amebaki na nusu. Nimekusikia vizuri?”

“Mzee, tafadhali usirudie. Jibu tu.”

Akacheka, cheko la furaha kabisa. “Aa, lile la kurudia! Bado mnalo? Nilielezwa na karani wa baraza, wiki ya kwanza tu nilipofika Handeni. Lilitusaidia sana lile. Kijiji kizima kikatulia bila askari hata mmoja. Kwingine walivunjiwa nyumba, unakumbuka? Kwenu hatukuvunja hata banda la kuku.”

Ni kweli, kwetu hawakuvunja. Nalo naliandika.

Nikamwambia wanavyomwita mama. Nilidhani jina lile litamchoma. Alifumba macho kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi.

“Mama Hatukatai. Jina zuri hilo. Tulikosea kutolitumia. Tungempiga picha, tungemwita mama wa kwanza wa kijiji kipya. Leo wangekuwa wanamwamkia.”

“Lakini hakukubali, mzee. Maji ni machungu mpaka leo.”

Akanishika goti kwa huruma, na naamini ilikuwa huruma ya kweli. “Mwanangu,” akasema, “shida haikuwa maji. Hatukuyaeleza vizuri.”

Nikauliza kama atakuja. Akasema miguu yake haimruhusu safari, lakini nimsalimie mama sana, na nimwambie amefurahi kupata maoni yake. Akatia miguu kwenye ndara, akatembea nayo vizuri tu mpaka nyuma ya nyumba, akanikatia mkungu wa ndizi kwa mkono wake. Akanisindikiza hadi kituo cha basi akiubeba mwenyewe. Sikuukataa. Mzee akikupa kitu huwezi kukirudisha barabarani mbele ya watu.

Mama alikuwa amekaa mlangoni niliposhuka basi la jioni.

“Anakuja?”

“Haji.”

“Kumbe alikuwa hajui desturi, masikini?”

Nilitamani kumwambia hakujua. “Alijua, mama. Aliambiwa kabla.”

Akautazama mkungu begani kwangu.

“Na hizo?”

“Zake.”

“Wape mbuzi.”

Jioni tumekula ugali wa muhogo na mlenda. Mama ameomba kuongezwa. Ndizi wamekula mbuzi, na maganda yake.